Wifi yangu anaumwa sana, namfumia blanketi ila sasa sijui niendelee au niache

Shikamoo shangazi. Naomba jina langu lisitoke manake kwenye familia yetu wanaokusoma ni wengi na sitaki wifi yangu alijue hili kabla mimi mwenyewe sijajua nafanyaje.

Nimeolewa miaka kadhaa sasa, tuna watoto wawili. Mume wangu alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana, aliyemlea ni dada yake mkubwa, alimwogesha, alimsomesha, mpaka leo dada yake akipiga simu anasimama wima kuongea. Kwa hiyo huyu mimi namwita wifi lakini heshima ninayompa ni ya mama mkwe kabisa. Na nikwambie ukweli hatujawahi kuwa marafiki wale wa kukaa kucheka, sio kwamba tuna ugomvi, hapana, yeye ni mtu wa maneno machache na mimi nikiwa mbele yake maneno yananiishia, tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto, basi.

Mwaka huu akaonekana ana kansa ya titi, wakaendelea na vipimo wakakuta imeshaingia kwenye mifupa, ya nyonga na ya mgongo. Saa hizi yuko kwenye kemo. Daktari alimwambia mume wangu bila kuzunguka kwamba dawa ni za kuituliza na kumpa muda, sio za kuimaliza. Hiyo siku mume wangu aliporudi hakuongea na mimi sikuwa na la kumwambia, nikachukua sindano nikaanza kufuma. Kufuma nimejifunza tangu shule, nafuma masweta ya watoto, soksi, mitandio, ndio kitu mikono yangu inakijua.

Nikaanza blanketi la kitanda. Uzi ni sufu halisi ya kondoo, nyeupe ya maziwa, na mtindo niliouweka ni wa majani, ule wenye matundu matundu, ukiuinua kwenye mwanga unaona kila jani na uti wake katikati. Ni kazi nzuri shangazi, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Upana ni kama mita moja na robo na urefu umefika nusu mita hivi, yaani bado sana, kwa sababu mtindo wenyewe hauniruhusu kwenda haraka, ukipoteza kitanzi kimoja unafumua mstari mzima.

Sasa yaliyonichanganya ni haya. Juzi nilienda kumwona nikakuta kuna mtu kamletea kofia ya kufuma, ya rangi ya waridi. Akaipokea, akashukuru, akaiweka kwenye droo. Yule mtu alipoondoka akaniambia, "Wifi, kila mtu ananiletea kofia, nywele zangu bado ziko kichwani. Mimi sitaki vitu vya mgonjwa." Nikasema sawa wifi. Na nyumbani kwangu blanketi la mgonjwa liko kwenye sindano.

Binti yake, ambaye ndiye peke yake upande wao anajua ninachofuma, akanitumia ujumbe wa sauti, "Anti usiache, mama akitoka kemo siku zinazofuata anatetemeka kwa baridi mpaka meno yanagongana, tunamfunika mablanketi mawili na bado." Mume wangu naye kila usiku anakuja kukaa pembeni yangu anaangalia sindano zinavyokwenda, na wiki iliyopita akasema, "Jitahidi umalize kabla…" akanyamaza, akaenda kulala. Tangu hapo nikishika ule uzi mikono inakaza, vitanzi vinabana hata sindano haipiti, najikuta nakimbizana na kitu ambacho sitaki hata kukitaja.

Rafiki yangu ninayefuma naye anasema sufu sio ya mgonjwa, inawasha na inashika vijidudu, niutupilie mbali uzi wote. Halafu dada yangu wa damu akanipa lingine, akasema unajificha nyuma ya hilo blanketi, mwenzio anaumwa wewe uko kwako na uzi, nenda ukakae naye. Sikumjibu. Inawezekana anasema kweli.

Niendelee kimyakimya nimpelekee likiisha? Nimwambie? Niache? Na nisipowahi shangazi, lile blanketi nitaliangaliaje?

Mwenye uzi mweupe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba kuna watu wengi sana wameshika hilo blanketi pamoja na wewe. Mumeo kaweka hofu yake humo, mpwa wake kaweka baridi ya mama yake, rafiki yako kaweka mashaka ya vijidudu, dada yako kaweka lawama, na wewe umeweka maneno yote uliyoshindwa kumwambia wifi yako miaka yote hii. Aliyebaki bila kuulizwa kitu ni wifi mwenyewe. Sikulaumu hata kidogo, ndivyo inavyokuwa mtu akiumwa sana, kila mmoja anahangaika pembeni yake. Ila nakuomba tutenganishe kimoja kimoja, maana nahisi unachoniuliza sio blanketi peke yake.

Kabla ya yote kuna jambo moja haliwezi kusubiri. Huko kutetemeka. Mtu aliye kwenye kemo anaweza kusikia baridi kwa sababu nyingi, amepungua damu, amepungua mwili, chumba cha dawa kina baridi, amechoka. Lakini kutetemeka mpaka meno kugongana, tena siku kadhaa baada ya dozi, kunaweza kuwa dalili ya maambukizi, kwa sababu kemo inashusha seli nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, na kwa dawa nyingi zinakuwa chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Hapo kinachotakiwa kwanza ni kipimajoto. Mpigie yule binti leo, muulize kama wanampima joto mama anapotetemeka. Kwa kawaida mgonjwa wa kemo akifika nyuzi 38 wanatakiwa wapige simu hospitali anakotibiwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, na wasimpe dawa ya kushusha homa kabla hawajaongea na wahudumu wake, maana inaficha homa na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Na akitetemeka hivyo wapige hata kama kipimajoto hakijafika huko. Sikutishi, inawezekana ni baridi ya kawaida tu na walishaulizia. Lakini ningekujibu habari za uzi nikaliacha hili nisingelala.

Haya, turudi kwenye kofia. Umesikia "sitaki vitu vya mgonjwa" ukatafsiri kwamba hataki chochote kutoka kwako. Inawezekana umesikia sawa. Ila jaribu kukaa pale alipokaa yeye. Mtu anayeanza kemo, nywele zikidondoka huwa zinaanza wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza, na sio dawa zote zinazomaliza nywele. Wifi yako nywele anazo, na kila mgeni anaingia na kofia mkononi, yaani kila mmoja anamwambia bila kusema kwamba mimi nimeshakuona huna nywele. Mimi ningekasirika pia. Alichokikataa pale kinaweza kuwa ni kule kuharakishwa, kuonwa mgonjwa kabla ya kuonwa yeye. Na angalia alimwambia nani. Yule aliyeleta alimshukuru, wewe akakwambia lililo moyoni. Unasema nyie sio marafiki, lakini mtu wa maneno machache hayapeleki kwa yeyote tu maneno yake machache.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili blanketi lako litaingia pale kama nini. Likiingia limekunjwa, limefungwa utepe, na kadi ya "ugua pole", hata mimi naliona linakwenda kwenye droo. Likiingia kwa njia nyingine, sijui, na wewe hujui, na hapo ndipo nataka nikuchokoze kidogo. Nani kasema lazima iwe siri? Tumezoea kwamba zawadi ukiulizia umeiharibu. Kwa mtu mzima wa afya kushtukizwa ni raha. Kwa mtu ambaye tangu mwaka uanze anashtukizwa na vipimo, na majibu, na tarehe za sindano anazopangiwa na wengine, huenda kuulizwa "unapenda kipi" kukawa na raha kubwa kuliko kushtukizwa. Nasema huenda, maana yeye unamjua wewe, mimi simjui.

Njia moja ya kumuuliza bila kumfanya mgonjwa ni hii. Sisi wafumaji tunafuma kipande cha majaribio, sentimita 10 kwa 10, kupima uzi kabla ya kazi. Fuma viwili au vitatu, kimoja cha hiyo sufu yako, kimoja cha pamba, kimoja cha akriliki laini au cha mianzi kama unaweza kupata. Vioshe, vikaushe vizuri, nenda navyo, mwambie wifi, nina kazi nimeanza na macho yangu yamechoka, hebu weka hivi shingoni uniambie kipi kinawasha. Shingoni, au upande wa ndani wa mkono, kwa sababu viganja havisemi ukweli, ngozi ya viganja ni ngumu. Hapo humpi zawadi, unamuomba rai. Anaweza kukuuliza ni cha nani, na hapo utaamua mwenyewe kama umwambie. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kusema moja kwa moja sitaki, na utarudi nyumbani na hilo "sitaki". Kama moyo wako wiki hii hauwezi kulibeba, subiri wiki nyingine.

Sasa sufu. Rafiki yako ana haki nusu. Sufu sio sumu na sio kiota cha vijidudu kuliko nguo nyingine, ikiwa imeoshwa ni safi. Ina uzuri wake pia, inaleta joto hata ikiwa na unyevu kidogo, na haishiki moto kirahisi, wakati akriliki ikikaribia moto inayeyuka. Shida yake kwa wifi yako ni nyingine. Ngozi ya mtu wa kemo huwa inakauka na kuwa nyepesi, nyuzi ngumu za sufu zinachoma hata yule ambaye zamani hakuzisikia. Halafu kufua. Blanketi la mgonjwa linafuliwa mara kwa mara, kwa jasho, kutapika, dawa iliyomwagika, na linafuliwa na mtu aliyechoka ambaye hana nafasi ya kuloweka kwa maji ya uvuguvugu na kukanda taratibu. Sufu ya kawaida ikipigwa kwenye mashine kwa maji moto inaganda na kujikunja, majani yako yote yanapotea. Ipo sufu iliyotengenezwa maalum isigande kwenye mashine, angalia karatasi iliyokuja na uzi wako kama inasema hivyo, kama huna tena basi chukua kile kipande cha majaribio ukifue vibaya kwa makusudi, moto na mashine, uone kinatokaje. Na nyeupe mwanangu, nyeupe inaonyesha kila tone. Kuna wagonjwa wanaona aibu kuchafua kitu kizuri kiasi kwamba hawakitumii kabisa, kinabaki kimekunjwa kwenye kiti wao wanajifunika shuka kuukuu.

Matundu nayo. Hayo majani yako nayapenda kabla hata sijayaona. Lakini matundu makubwa yanakamata vidole, pete, na mrija wa dripu. Usiku mtu anajigeuza, mrija umeingia kwenye tundu la jani, na hapo kuna sindano kwenye mshipa. Na uzito. Blanketi zima la kitanda la sufu linaweza kupita kilo moja, na mtu mwenye kansa kwenye nyonga na mgongo kuna siku hata shuka linamuuma. Wengine kinyume chake wanapenda kusikia uzito juu yao, unawatuliza. Huwezi kujua bila yeye kukwambia.

Haya yote yanakuelekeza kwenye kazi ndogo, au yanakuelekeza kuongeza uangalifu kwenye hiyo hiyo, inategemea. Nikuonyeshe kitu ambacho nimekipigia hesabu kwenye barua yako. Umesema upana mita moja na robo, urefu nusu mita. Ukifunga vitanzi leo, tayari una kitu cha mita moja na robo kwa nusu mita. Hiyo ni shali fupi ya mabegani, au kifuniko cha miguu cha mtu aliyekaa kwenye kiti. Ukiongezea mpaka wa mishono ya kawaida isiyo na matundu kila upande, inafika mita moja na nusu na inafunika kifua. Shali kwa mtu wa dripu ina faida yake, inavaliwa na kuvuliwa bila kupitisha kichwani, muuguzi akitaka mkono anasogeza tu, na kama wifi amewekewa kile kifaa cha dawa chini ya ngozi karibu na mtulinga, shali inafunguka mbele bila kumvua nguo. Sisemi ufunge. Mtu aliyeanza blanketi kwa usiku kama ule wako anaweza kuona kulikata ni kama kukata tamaa, na kama ndivyo unavyosikia, hiyo nayo ina uzito kwenye uamuzi wako. Ila nataka ujue kwamba ulichonacho mikononi tayari ni kitu kizima kama utataka kiwe.

Ukipenda kuanza kingine, soksi watu wengi wanazipenda, na kwenye kansa ya titi zinaweza kuwa na maana kwa sababu baadhi ya dawa zake, kama paklitakseli, zinaleta ganzi na kuchomachoma vidoleni na nyayoni. Lakini soksi za kufuma zinateleza, na mtu ambaye mifupa yake imeingiliwa akianguka anaweza kuvunjika. Ukifuma soksi ziwe za kitandani tu au zishonewe chini kitu kisichoteleza, na mdomo wake usibane. Hali kadhalika kitu cha mikononi, kama ameondolewa tezi za kwapani mkono wa upande huo unaweza kuvimba, usimfumie chochote chenye kubana pale. Na kuna wanaofuma matiti ya pamba ya kuweka ndani ya sidiria kwa aliyekatwa titi, kitu kizuri sana kwa anayekitaka, lakini kama wifi yako amefanyiwa hivyo, hilo usilianzishe wewe. Subiri litoke mdomoni mwake.

Chochote utakachopeleka, kifue kwa sabuni isiyo na harufu, kikaushe kabisa, kiweke kwenye mfuko safi, mbali na moshi na manyoya ya wanyama kama mnafuga. Manukato acha kabisa, wakati wa kemo harufu nzuri ya jana inaweza kumtapisha leo. Muulize muuguzi wake kama kuna siku hawataki vitu vya kutoka nje.

Sasa maneno ya dada yako, kwamba unajificha. Hili naona ndilo lililokufanya uandike. Inawezekana kweli unajificha, na sioni kama hiyo ni dhambi. Mwaka 1998 kule Hartford, Marekani, wanawake wawili walianzisha utaratibu wa kufuma shali huku wakimwombea atakayeipokea, mpaka leo unaendelea sehemu nyingi duniani, na msingi wake ni huohuo unaoufanya wewe kila usiku, kwamba mtu anaweza kuwa na mwenzake akiwa mbali naye, mikono ikiwa kazini. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba usiku wako wote huo haukuwa pamoja na wifi. Ila yeye hajui. Kwa upande wake, yeye anaona tu kwamba mke wa mdogo wake anakuja, anasalimia, anaondoka.

Umewahi kufikiria kwenda na kazi yako ukafumie pale? Wewe mbele yake maneno yanakuishia, yeye mwenyewe hana maneno, na mgonjwa aliyechoka mara nyingi kinachomchosha zaidi ni wageni anaotakiwa kuwajibu. Mtu anayefuma macho yake yako kwenye sindano, hamkodolei, hamsubiri aseme. Chukua sindano za mbao au mianzi, za chuma zinagongana na sauti yake inaweza kumkera. Inaweza isiwe sawa kwake, anaweza kuona umekuja na vitu vyako kama mtu anayelinda maiti, nisamehe kwa kusema hivyo lakini kuna watu wanaona hivyo, na ukiona uso wake umekunjamana weka uzi kwenye mkoba ukae tu. Lakini pia anaweza kusema "lete nishike", na watu wazima wengi walifundishwa kufuma utotoni. Ganzi ikiwa haijamshika vidole anaweza hata kukufumia mstari.

Mumeo sasa. Ile sentensi aliyoikata. Wewe umeibeba ukaifanya kuwa tarehe ya mwisho ya kazi, ndio maana vitanzi vinabana, mkono wenye hofu unavuta uzi. Lakini mimi nikiisoma sioni kama alikuwa anaongelea blanketi. Mtoto aliyelelewa na dada anaona dada anaondoka, na kitu pekee kinachosogea mbele ndani ya nyumba ni hizo sindano zako, ndio maana anakuja kukaa pale. Nashangaa kama yeye na dada yake wameshaongea wawili tu. Kama hajamwambia "dada asante" kwa sababu anaona akisema atakuwa amekubali kwamba anakwenda, basi ataendelea kukuharakisha wewe. Usiku mmoja weka kazi chini, mwambie ile sentensi yako hukuimaliza, nipo, imalizie ukitaka. Anaweza kuikwepa. Anaweza kulia. Na wewe unaweza kusikia jambo ambalo ukishalisikia huwezi kulirudisha, kwa hiyo chagua siku ambayo watoto wamelala na kesho yake hamna haraka.

Na usipowahi? Umeuliza nami sitalizunguka. Mtu mwenye kansa iliyofika kwenye mifupa anaweza kuishi muda mrefu kiasi, wengine miaka, wengine mfupi, na hakuna anayeweza kukupa tarehe kwa kuangalia blanketi limefika wapi. Kwa hiyo usifume kwa hesabu hiyo. Inawezekana likaisha akalitumia kila siku. Inawezekana likaisha akampa binti yake, na hilo likitokea usione amekukataa, watu wanaoumwa sana mara nyingi wanaanza kugawa vizuri vyao kwa wanaowapenda. Inawezekana pia akaondoka likiwa bado kwenye sindano, na hapo wewe na mumeo na yule binti mtakuwa na nusu blanketi la kuamua, kulimaliza au kuliacha vile lilivyo au kufumua uzi ukawa kitu kingine, na mtakuwa na haki ya kuamua polepole bila mtu kuwaambia lililo sahihi.

Mimi sitakwambia uendelee au uache, kwa sababu kuna mtu mmoja jibu lake bado hatujalisikia na yeye ndiye ngozi ni yake. Anza na simu ya kipimajoto. Halafu hivyo vipande vya majaribio, kama utaona vinafaa, na mumeo usiku wowote utakaomwona yuko tayari. Ukishazungumza na yeyote kati yao niandikie hata mistari miwili, nami nitakujibu.